Biodizeli kutokana na shahamu ya taka: maswali ya wasomaji

Nilichanganya shahamu ya machinjioni iliyokaa siku kadhaa na methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, pamoja na kostiki soda, nikapata uji wa sabuni. Nilikosea wapi?

Huenda vipimo vyako vilikuwa sahihi, ila malighafi haikufaa kwa njia hiyo. Shahamu inapokaa na maji, damu na joto, huvunjika na kuacha asidi huru za mafuta; kostiki soda, badala ya kubaki kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, huungana na asidi hizo na kuwa sabuni, nayo sabuni huzuia gliserini, zao la pembeni la kazi hii, isijitenge na biodizeli. Njia ya kostiki huhitaji mafuta yenye asidi huru zisizozidi asilimia 1 hivi, ilhali shahamu ya taka huweza kupita asilimia 15.

Nasikia alkoholi yenye joto kali hufanya kazi hiyo bila kichocheo. Inawezekanaje?

Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi. Ikifungiwa na kupashwa moto hadi kupita nyuzi 239, huku shinikizo likipita megapaskali 8, yaani karibu mara 80 ya shinikizo la hewa ya kawaida, tofauti kati ya kimiminika na mvuke hutoweka, na methanoli ambayo kwa kawaida hujitenga na mafuta huanza kuchangamana nayo. Mwaka 2001 Shiro Saka na Dadan Kusdiana wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walichapisha jaribio la mafuta ya mbegu za rapa ambamo chombo cha mililita 5 kilitumbukizwa ndani ya bati lililoyeyushwa. Kwenye nyuzi 350, baada ya sekunde 240, zaidi ya asilimia 95 ya mafuta yalikuwa yamegeuka biodizeli.

Kwa shahamu chafu faida ni kubwa zaidi, kwa sababu asidi huru, badala ya kuwa sabuni, nazo hugeuka biodizeli, maji kidogo hayaharibu kazi, na gliserini hutoka bila chumvi za kichocheo. Tena sehemu kubwa ya asidi za shahamu ya ng'ombe ni zile zilizoshiba, ambazo hustahimili joto kuliko za mafuta ya alizeti.

Gharama iko kwingine. Jaribio hilo lilitumia molekuli 42 za methanoli kwa kila molekuli moja ya mafuta, ilhali zinazohitajika kikemia ni 3 tu. Zilizosalia sharti zikusanywe na kurudishwa mwanzo, pamoja na joto lake. Ndiyo maana ninapoonyeshwa mradi wa namna hii siulizi kwanza kuhusu mavuno, bali nauliza joto la methanoli iliyosalia linakwenda wapi. Watafiti wa Kyoto wenyewe baadaye waliigawa kazi hiyo: kwanza maji ya moto yenye shinikizo huyavunja mafuta, gliserini huondolewa, kisha methanoli huzigeuza asidi zilizobaki, hatua zote mbili zikifanyika kwenye nyuzi 270 hivi.

Je, mtungi wa gesi ya kupikia unaweza kutumika kama tanuri la kazi hii?

Hapana. Mtungi huo haukuundwa kubeba hata nusu ya megapaskali 8, na mitambo ya njia hii mara nyingi hufanya kazi kwenye megapaskali 20 au zaidi. Ukipasuka, utamwaga mvuke wa methanoli, ambayo ni sumu na ambayo mwali wake hauonekani vizuri mchana. Kwa karakana ndogo, shahamu safi ni afadhali iuzwe kwa watengenezaji wa sabuni.

Methanoli huagizwa kutoka nje, lakini ethanoli ya molasi tunayo. Inafaa?

Inafaa. Ethanoli nayo hupoteza tofauti ya kimiminika na mvuke kwenye nyuzi 241 na megapaskali 6 hivi, ingawa mmenyuko wake ni wa polepole zaidi. Ugumu ni kuirejesha: ukiichemsha kwa njia ya kawaida hutoka na maji ya takriban asilimia 4, ambayo hayaondoki kwa kuichemsha tena.

Biodizeli ya shahamu itafaa kwa magari ya Njombe wakati wa baridi?

Ikiwa peke yake, sivyo. Asidi zilizoshiba, zilizotusaidia kwenye joto, hapa hutugeuka: biodizeli ya shahamu ya ng'ombe huanza kufanya ukungu kwenye nyuzi 15 hivi, kisha chembe za nta huziba chujio. Ichanganye kwa kiwango kidogo na dizeli ya kawaida, au itumie kwenye jenereta za mikoa ya joto, na kila tangi lipimwe kabla ya kuuzwa, kwa kuwa shahamu ya leo na ya wiki ijayo hazilingani.