Miezi minne ya Kihungaria haimfikishi mtu kwenye udaktari

SWALI: Kijana wangu alipata B+ katika KCSE na anataka kusomea udaktari. Ajenti mmoja hapa Mombasa ametuletea barua ya chuo kikuu cha Hungaria. Anasema karo ya darasa la Kiingereza hatutaiweza, lakini kijana akisoma kwa Kihungaria atasoma bure kama wenyeji: miezi minne ya lugha, kisha anaingia mwaka wa kwanza. Anataka laki tatu na nusu kabla ya mwisho wa mwezi ili atushikie nafasi. Nimlipe? – Mama, Likoni

JIBU: Usimlipe, mama. Nimeisoma picha ya barua uliyonitumia. Kijana amekubaliwa kwenye kozi ya maandalizi ya lugha, basi. Kitivo cha udaktari hakitajwi popote, wala mwaka wa kuanza shahada. Tena mstari wa pili kutoka chini, ule wa herufi ndogo, unasema kumaliza kozi hiyo hakumhakikishii mwanafunzi nafasi ya shahada. Barua za namna hii huniandama kila matokeo ya KCSE yanapotoka, na mstari huo ajenti huuruka kila mara.

Sasa hiyo miezi minne. Hapa ndipo ninapochoka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hufundisha lugha wanadiplomasia wake, watu wazima wanaolipwa mshahara wakae darasani kutwa, na Kihungaria imekitengea wiki 44, yaani saa zipatazo 1,100. Halafu mtoto wa kidato cha nne akimalize kwa wiki kumi na sita na aende kusomea anatomia? Watu wetu hujifariji kwamba lugha ile hubandika viambishi kama Kiswahili. Kubandika inabandika kweli, lakini nomino moja ina miisho ipatayo 18, na msamiati wake hauna udugu na Kiingereza wala Kiarabu, kwa hiyo hupati pa kushikia.

Usidhani atajificha nyuma ya karatasi ya mtihani. Huko mitihani mingi ni ya mdomo. Mwanafunzi anaingia, anaokota kikaratasi chenye namba ya mada, anapewa dakika chache za kujipanga, kisha anakaa mbele ya profesa na kueleza, tuseme, mishipa ya fahamu ya mkono inapita wapi na ikikatwa kidole gani kitakufa ganzi. Profesa humkatiza apendapo. Alama zinaanzia 1 hadi 5, na 1 ndiyo kuanguka, msije mkaiona kwenye ripoti mkapiga vigelegele. Vyuo vinavyopokea wageni kwenye masomo ya Kihungaria kwa kawaida hudai cheti cha lugha cha kiwango cha B2, yaani cha mtu anayeweza kujieleza bila taabu kubwa. Miezi minne ikienda vizuri sana itampa lugha ya sokoni.

Na hilo la bure ni uongo mtupu. Nafasi zinazolipiwa na serikali ya Hungaria ni za raia wake na wa nchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na makundi machache kama wakimbizi waliotambuliwa. Mwenye pasipoti ya Kenya hulipa, asome kwa Kihungaria au kwa Kichina, isipokuwa amepata ufadhili.

Udaktari kwa Kiingereza unafundishwa Chuo Kikuu cha Semmelweis jijini Budapest, na pia vyuo vikuu vya miji ya Debrecen, Szeged na Pécs. Karo ni zaidi ya dola 15,000 kwa mwaka, kwa miaka sita, na hata huko Kihungaria ni somo la lazima, kwa sababu bibi aliyelazwa wodini hajui Kiingereza na mwanafunzi ndiye wa kumuuliza kinachomuuma.

Mlango wa mtu asiye na fedha hizo ni Stipendium Hungaricum, ufadhili wa serikali yao ulioanza 2013, na Kenya imo. Ufadhili huo humlipia mwanafunzi karo na bima, humpa kitanda cha bweni au mchango wa pango, na posho ambayo kwa miaka imekuwa forinti (fedha ya Hungaria) 43,700 kwa mwezi, pesa ambayo Budapest haikufikishi tarehe kumi na tano. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa Novemba na kufungwa katikati ya Januari. Unaomba kwenye mtandao wao, na lazima pia Wizara ya Elimu yetu ikupendekeze. Kuomba ni bure. Nafasi za udaktari zinagombaniwa vikali, kwa hiyo aangalie pia famasia na uhandisi. Na akichagua programu ya Kihungaria, wao wenyewe humpeleka kwanza mwaka mzima wa lugha, na lazima afaulu ndipo aendelee. Wenye lugha wanatoa mwaka. Ajenti wa Mombasa ametoa wapi miezi minne?

Simaanishi kila ajenti ni mwizi. Vyuo vingine vina wawakilishi rasmi na huwataja kwenye tovuti zao. Jina lisipokuwepo, muulize sababu. Anayekuharakisha kwa habari ya kushika nafasi, anayetaka pesa kwa simu yake badala ya akaunti ya chuo, anayekwambia usikiandikie chuo moja kwa moja "utaharibu mambo", huyo mfungie mlango. Ajenti wa namna hiyo wameshauza hata Poland na Uturuki kwa maneno yale yale, wamebadilisha bendera tu. Watoto wanafika, kozi inaisha, shahada haipo, kibali cha ukaazi kinakwisha, na mzazi anaona aibu kusema.

Uliza KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, kabla ya kununua tiketi: chuo wanakitambua? Alama za kijana zinatosha asajiliwe akirudi? Ukiniandikia tena, nitajie alizopata kwenye Baiolojia na Kemia. Hiyo B+ ya jumla hainiambii kitu. Mitihani ya kuingia udaktari huko hung'ang'ania masomo hayo.