Ukiambiwa "Kuna Waraka", Omba Uuone

Mambo mengi yanayomgusa mwananchi hapa Tanzania hayaishii kwenye sheria. Yanaamuliwa na waraka, yaani kurasa chache za wizara zinazowaelekeza watendaji wafanye nini. Mara nyingi waraka huo unalala kwenye faili au unazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa idara. Wewe unausikia dirishani tu: "Maelekezo ndiyo hayo, mama."

Chukua Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, ulioruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, warudi shuleni. Nilipomsindikiza binti wa jirani yangu, mkuu wa shule alituambia tamko amelisikia redioni, ila maelekezo rasmi hayajamfikia. Nikatoa nakala niliyoichapisha steshenari, nikamwonyesha namba na sahihi. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akamwita mwalimu wa taaluma, na kuanzia hapo tukawa tunazungumzia kidato atakachoingia. Bila karatasi ile tungerudi nyumbani. Haki ya mtoto haipaswi kutegemea kama jirani yake ana hela ya kuchapisha.

Kwa hiyo ofisa akikutajia maelekezo, muulize kwa adabu namba ya waraka, tarehe yake na aliyeusaini. Usigombane naye, makarani wengi nao wameambiwa kwa mdomo. Akikosa jibu, mwandikie mkuu wa taasisi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi, iombe kitu kimoja tu: nakala ya waraka huo. Malalamiko yaandikie barua nyingine. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, maana tarehe ya muhuri ndiyo itakayokusaidia ukifuatilia.

Nanyi mlio maofisini, ubao wa matangazo upo pale mlangoni. Bandikeni waraka siku unapofika, na mwandike waziwazi umefuta upi, kwa sababu waraka wa zamani unaoendelea kutumika kimyakimya unaumiza watu kuliko hata ule uliofichwa. Maelekezo yaliyotolewa kwa simu yasimnyime mtu huduma mpaka yaandikwe na kusainiwa.