Kabla ya kujitolea kwenye kituo cha Mirihi, ishi wiki moja na mtungi wa lita 20

Siku ya pili ndani ya kituo cha kuigiza maisha ya sayari ya Mirihi hapa hapa duniani, kamanda wetu alibandika karatasi juu ya sinki: lita tulizotumia jana, lita zilizobaki kwenye tangi. Wenzangu waliisoma wakanyamaza. Mimi niliisoma nikajiona niko kwetu Umoja, ambako maji huja kwa zamu na mtoto hujua mapema kwamba maji ya kusuuzia nguo ndiyo yatakayodeki, na yaliyodeki ndiyo yatakayomwagwa chooni.

Tangu nirudi Nairobi, vijana wananiuliza, "Dada, na mimi nitaendaje?" Nataka waende wengi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Kituo nilichojitolea kinaitwa Mars Desert Research Station. Kiko jangwani Utah, Marekani, karibu na mji mdogo wa Hanksville, na ni cha Mars Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1998 na mhandisi Robert Zubrin na wenzake. Vikosi vimekuwa vikiingia humo tangu 2002, kwa kawaida watu sita au saba kwa wiki mbili hivi. Makao yenyewe ni kama tangi kubwa la orofa mbili, upana wake mita 8: chini ni mahali pa kazi na mavazi, juu ni jikoni, meza moja na vyumba vya kulala vya kutosha kitanda na mtu. Nje kuna nyumba ya mimea, maabara na darubini. Udongo ni mwekundu, miamba imepangana kwa matabaka, na jani la kijani ni la kutafuta.

Hakuna mshahara. Kikosi huchangia gharama za kukaa kituoni, na nauli na viza ni juu yako. Mimi nilichangiwa na chama cha mama na majirani wa ploti yetu. Siku ya mchango mjomba wangu alisimama akauliza Mkenya anatafuta nini Mirihi. Nilimkumbusha kwamba setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Mjomba alikaa chini, akatoa elfu mbili.

Unapoandika barua ya maombi, usijaze ndoto zako za utotoni. Waambie una kazi gani mikononi na una swali gani dogo la kwenda kulijibu. Mimi ni fundi wa umeme, nimeshika koleo na solda Luthuli Avenue kwa miaka, hivyo niliomba nafasi ya mhandisi wa kikosi. Swali langu lilitoka Kitui, kwenye paa la nyanya yangu, ambaye kila Jumamosi hupanda ngazi kupangusa sola kwa kitambaa kibichi. Nilibeba paneli mbili ndogo zinazofanana. Moja niliipangusa kila asubuhi, nyingine niliiacha na vumbi lake, kisha nikapima umeme wa zote mbili saa sita mchana kwa siku 12. Si utafiti mkubwa, lakini huko Mirihi vumbi ndilo lililoimaliza InSight, mtambo wa NASA uliotegemea sola, mwaka 2022, na dhoruba ya vumbi ndiyo iliyoinyamazisha Opportunity, gari la NASA la kutumia sola, mwaka 2018. Swali la nyanya lilikuwa na mahali pa kukaa.

Kutoka nje ya makao ndilo jambo watu wanalolingoja kwa hamu, na ndilo linalohitaji nidhamu zaidi. Mwenzako anakuvisha mkoba wa mgongoni wenye feni za kusukuma hewa, anakufungia kofia, anajaribu redio. Mnaingia chumba kidogo chenye milango miwili, mnafunga wa ndani, kisha mnasimama dakika 5 kabla ya kugusa wa nje, kana kwamba hewa inatolewa. Hewa ya Utah inavutika vizuri kabisa. Kila mtu anajua. Lakini atakayefungua mlango dakika ya tatu amewaibia wenzake kazi yao, maana kinachopimwa ni kama binadamu wataheshimu utaratibu hata wakiwa wamechoka.

Siku yangu ya kwanza nje, tone la jasho lilitambaa kutoka kwenye paji la uso hadi ncha ya pua na sikuweza kulipangusa. Kioo kilikuwa kimeshika ukungu wa pumzi yangu. Toka siku hiyo nilijifunga kitambaa chepesi cha pamba kichwani kabla ya kofia. Skrubu ninayoifunga kwa dakika mbili dukani ilinichukua karibu dakika 20 kwa zile glavu. Fanya mazoezi nyumbani na glavu nene kabla hujaenda, tena ukiwa umepiga magoti.

Sasa yale ambayo hayamo kwenye picha. Kutoka duniani hadi Mirihi ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kwa hiyo kituoni nako hakuna kupiga simu kuuliza. Tulituma ripoti kila jioni: afya, maji, umeme, mimea, safari za nje. Siku ya tano nilisoma vibaya kipimo cha tangi na kuandika kwamba tuna maji mengi kuliko tuliyokuwa nayo. Watu wawili wakaoga kwa kuniamini. Niligundua kosa usiku, nikalala nalo, asubuhi nikalisema mezani mbele ya wote. Aibu iliniunguza, lakini kamanda alirekebisha hesabu kabla ya uji kupoa. Ningelinyamazia, ripoti mbili zilizofuata zingejengwa juu ya uongo. Ukikosea, sema wewe kwanza, na useme siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa usiku mzima.

Mwenzangu mmoja alinikasirikia kwa siku mbili. Kuta ni nyembamba, unasikia hata mtu akigeuka kitandani. Huko Moscow wanaume sita walifungiwa siku 520 katika jaribio la Mars-500, na Houston, Marekani, watu wanne walikaa siku 378 katika jaribio kama hilo hadi Julai 2024. Kwangu wiki mbili zilitosha kuelewa kwa nini wanasayansi wanajali sana jinsi watu wanavyoishi pamoja, si roketi tu. Nilikanda chapati. Unga ulikuwepo, mafuta yalikuwepo, maji nilipima kwa kikombe mbele yake. Yeye alisukuma, mimi nikachoma, na ya tatu ilipovimba akaanza kuniuliza habari za Kitui. Chakula chetu kingine kilikuwa cha kukaushwa, kwa hiyo harufu ile ilimtoa kila mtu chumbani. Jifunze kupika kitu kimoja cha kwenu kwa unga, mafuta na maji kidogo. Nasema hivi kwa uzito uleule wa ushauri wa viza.

Na viza: anza mapema mno, kwa sababu tarehe ya mahojiano haikungoji. Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Nguo za baridi tafuta Gikomba, soko la mitumba. Baridi ya Julai ya Nairobi si kitu mbele ya usiku wa jangwa lile. Viatu vivae mwezi mzima kabla ya safari.

Kabla ya hayo yote, jaribu hili. Jumatatu asubuhi jaza mtungi wa lita 20, uwe wako wa kuoga, kuosha vyombo na kupikia hadi Jumapili usiku. Kila jioni andika umebakiwa na ngapi na umetumia wapi, umwonyeshe mtu unayeishi naye. Ukiishiwa Alhamisi, andika hilo pia, kisha jaza tena Jumatatu inayofuata.