Mawifi wamechukua losheni, pesa hawaleti

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kisumu, nimeolewa Mwanza na tunaishi Kirumba, huu ni mwaka wa pili. Kabla ya kuja nilikuwa nauza vipodozi vya kampuni moja ya mauzo ya moja kwa moja, zile za katalogi na pointi, na bado nina timu ya kina mama 11 kule nyumbani. Mwezi uliopita faida na bonasi jumla zilikuwa KSh 31,000, ila nilinunua bidhaa za KSh 18,000 nisishuke ngazi yangu ndani ya kampuni. Timu inalegea, wanasema nimewatupa. Huku nimewapa bidhaa mawifi zangu wawili na mama mmoja wa jumuiya yetu, nawadai TSh 640,000 kwa pamoja, na nikikumbusha mawifi wananicheka, eti "Mkenya na hela". Aliyeniandikisha, yuko Nairobi, anataka nifungue timu ya Mwanza kwa jina la wifi. Nikiingiza watu 20 napanda ngazi. Mume wangu anasema hiyo ni DECI tu, ule mchezo wa kupanda na kuvuna pesa. Habari ya deni hajui. Boksi tatu ziko chini ya kitanda. Niache au nisukume? Mke wa Kirumba.*

Marahaba, mwanangu. Una biashara mbili na umeziandika kama moja. Ya Kisumu ina wateja wanaokufahamu, ina miaka, inaweza kupona. Ya Kirumba naomba uifunge mwezi huu huu, na nitaanza nayo maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Wifi akipewa losheni na mke wa kaka yake, kichwani mwake hajakopa. Amepewa na nyumba ya kaka. Wewe ulikuwa unafungua soko, yeye alikuwa anapokea bibi harusi aliyekuja na mikono mizuri. Na nina hakika hukumwambia kwamba hii ni mali kauli, ukiuza lete pesa, usipouza rudisha chupa. Ulisema "chukua tu, tutaongea". Sasa unapoongea, anasikia mgeni anayemdai ndani ya boma lao. Hilo jina la Mkenya na hela ni mzaha leo. Likikaa mpaka wakati wa msiba au sherehe ya ukoo, halitakuwa mzaha tena.

Kwa hiyo waendee mmoja mmoja, nyumbani kwake, mchana, bila daftari mkononi. Usithubutu kulipeleka kwenye kundi la WhatsApp la familia. Waambie unafunga hesabu za bidhaa, na chupa ambazo hazijafunguliwa unazichukua, deni lake linakufa hapo hapo. Zilizokwisha kupakwa, kubalianeni kiasi anachoweza kutoa, hata kama ni nusu. Kinachobaki msamehe, umwambie wazi kwamba umesamehe, na usikitaje tena hata mkigombana kwa jambo jingine. Najua inauma. Kwa kadirio la TSh 20 kwa KSh 1, hao watatu wamekalia kama KSh 32,000, zaidi ya mapato yako ya mwezi mzima. Lakini pesa hiyo ilishatoka siku ulipowapa.

Yule mama wa jumuiya ni habari nyingine. Huyo ni mteja. Mdai kama mteja, kwa adabu na kwa tarehe, wala usimwonee haya kwa sababu mnasali pamoja Alhamisi.

Sasa hili la kufungua timu ya Mwanza. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayomkataza asiye raia kufanya baadhi ya biashara hapa nchini, na biashara ya jumla na rejareja imo, isipokuwa supamaketi na mauzo ya jumla ya wazalishaji wa ndani. Faini haipungui TSh milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali cha ukaazi kinaweza kufutwa. Kuolewa na mwana wa Mwanza hakukufanyi raia. Uraia unaombwa, na Tanzania haikubali uraia pacha, kwa hiyo huo ni uamuzi wa maisha, haufanywi kwa ajili ya losheni. Na kuhusu kujificha nyuma ya jina la wifi, amri hiyo hiyo ina adhabu kwa raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa. Huyo wifi ambaye tayari hamuelewani kwa chupa chache, fikiria umemponza mbele ya sheria. Kabla hujauza hata sabuni moja tena hapa mjini, nenda kwa afisa biashara wa Manispaa ya Ilemela na ofisi ya Uhamiaji, uulize kwa jina lako na kibali chako mkononi.

Bidhaa zenyewe nazo zina mlango wao. Vipodozi tangu 2019 vinasajiliwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na cheti cha Kenya hakikutoshi huku. Wala kuwa sote ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakufanyi losheni iliyotengenezwa Ulaya isitozwe kitu mpakani. Nafuu ya ushuru ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Hukuniandikia maboksi yalivukaje mpaka pale Sirari. Kama ulisema ni zawadi, mwanangu, zawadi gani ina chupa 24 za aina moja?

Huyo aliyekuandikisha simlaumu sana, yuko kazini. Watu 20 wa Mwanza wakiingia chini yako, wako chini yake pia, na fungu lake linaongezeka akiwa amekaa Nairobi. Ila yeye hatapika na mama mkwe wako Krismasi. Muulize maswali mawili tu: kampuni ina ofisi na usajili Tanzania? Na kanuni zake zinaruhusu bidhaa za soko la Kenya kuuzwa nchi nyingine? Kampuni nyingi za aina hii hazikubali, na namba ya mwanachama inaweza kufutwa kwa kosa hilo. Akianza kukujibu kwa hadithi za waliopata magari, umeshapata jibu.

Mumeo anaposema DECI anasema kitu ambacho watu wengi wa nchi hii wanakikumbuka vizuri. Pale watu walipanda pesa wakasubiri kuvuna pesa, hakukuwa na bidhaa, na serikali ilipoingilia mwaka 2009 wengi waliachwa mikono mitupu. Yako ina bidhaa, kwa hiyo hayuko sahihi kabisa. Lakini naomba umpe haki yake nusu. Chukua KSh 31,000, toa zile 18,000 ulizonunua kulinda ngazi. Zimebaki 13,000. Toa vifurushi vya simu, toa nauli za mizigo kwenye basi, toa kilichopotea kwenye kubadilisha pesa. Halafu inama uangalie chini ya kitanda. Kama hizo boksi tatu ndizo "mauzo" yako ya miezi iliyopita, basi umekuwa mteja mkubwa kuliko wote katika timu yako. Ngazi unayoilinda unailipia mwenyewe. Iache ishuke. Nunua kile tu ambacho mtu ameshaagiza na kulipia, miezi mitatu, uone kinachobaki. Hicho ndicho kipato chako halisi, kikubwa au kidogo, na ndicho cha kumwonyesha mumeo.

Na umwambie habari ya deni usiku wa leo, kabla dada zake hawajamwambia kwa namna yao. Usianze na utetezi. Taja kiasi, taja majina, taja unavyokusudia kuyamaliza. Atakasirika kidogo. Akisikia kwa dada yake atakasirika sana, na safari hiyo hutakuwa na la kujibu.

Tukija Kisumu: wale kina mama 11 hawalalamiki kwa sababu uko mbali. Wanalalamika kwa sababu oda zinachelewa na hakuna wa kumfuata. Biashara hii inataka mtu wa kuingia sebuleni, kupaka mteja mkono, kurudi mwisho wa mwezi kuchukua pesa. Kazi hiyo huwezi kuifanya ukiwa Kirumba, kwa hiyo mlipe anayeweza. Chagua mmoja kati yao, yule ambaye hesabu zake hazijawahi kukusumbua, hata kama si mchangamfu. Yeye apokee mzigo na kugawa. Wewe ubaki na oda, mafunzo kwa simu na kufuatilia malipo. Fungu lake liandikeni kwenye karatasi, kwa asilimia, na alipwe siku moja na wewe unapolipwa. Laini yako ya Kenya iweke hai, iwe mfukoni mwako mwenyewe, maana M-Pesa na ujumbe wa kampuni vinapita humo. Namba ya siri usimpe hata huyo msaidizi. Nenda Kisumu unapoweza, kaa nao siku nzima, na siku hiyo usimwandikishe mtu mpya.

Zile boksi zilizo chini ya kitanda usiziuze hapa kwa bei ya kutupa ili kuziondoa machoni. Muulize msaidizi wako nani ana oda inayolingana nazo, uzirudishe Kisumu naye akiwa ndiye mpokeaji, na orodha pamoja na risiti za manunuzi ziwe ndani ya mkoba wako, si ndani ya boksi, ili afisa wa Sirari akiuliza uwe na cha kumpa.