Je, Shairi Laweza Kulisha Imani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Bagamoyo. Tangu nifiwe na mume wangu, kila usiku husoma mashairi ya watakatifu, hasa lile la Mtakatifu Yohane wa Msalaba juu ya usiku wa giza, nami huona yananitia nguvu kuliko mahubiri mengi. Katekista wetu anasema kuwa imani hutoka katika Maandiko na mafundisho ya Kanisa, na kwamba mashairi ni mapambo tu. Tena shairi lenyewe halimtaji Mungu hata mara moja. Je, nimepotea njia? Naweza kulisoma kwenye jumuiya? (Mama msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Milele amina, mama, na pole sana kwa msiba. Hujapotea njia.

Katekista wako amesema kweli katika nusu ya kwanza, kwa maana Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo. Nusu ya pili siikubali. Kanisa lenyewe, linapofundisha juu ya Ekaristi katika namba 1381 ya Katekisimu, linatumia utenzi wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, unaokiri kwamba mbele ya Sakramenti macho, mguso na ladha hudanganyika, na sikio peke yake ndilo la kuaminiwa. Mwanateolojia huyohuyo ndiye aliyetunga utenzi ambao beti zake mbili za mwisho huimbwa katika Baraka ya Sakramenti Kuu, wala hakuona kuwa kutunga ni kazi ya chini kuliko kufundisha.

Tena mara nyingine shairi na Andiko ni kitu kimoja. Tarehe 25 Desemba 1886 Paul Claudel, kijana Mfaransa wa miaka 18 asiyekuwa na imani, alikuwa katika kanisa la Notre-Dame, Paris, wakati wa masifu ya jioni, akasikia kwaya ikiimba wimbo wa Bikira Maria ulio katika Injili ya Luka, na papo hapo akaamini.

Sasa tuje kwenye shairi lako. Ni kweli kwamba katika beti zake nane jina la Mungu halimo. Aliyemo ni mtu anayetoka nyumbani kwa siri usiku, wote wakiwa wamelala, hana taa wala kiongozi ila mwanga unaowaka moyoni mwake, na mwanga huo unamwongoza kwa uhakika kuliko jua la adhuhuri mpaka kwa Mpenzi wake. Shairi hilo huhusishwa na miezi ambayo Yohane alifungwa na watawa wenzake wa shirika la Wakarmeli huko Toledo, Hispania, kuanzia Desemba 1577 hadi Agosti 1578, alipotoroka usiku. Baadaye alianza kulifafanua yeye mwenyewe katika kitabu kinachobeba jina la usiku huo, lakini ufafanuzi ulikatika akiwa ameanza tu ubeti wa tatu. Kwa hiyo usihuzunike ikiwa kuna mistari usiyoielewa, wala usidhani kwamba giza unaloliona tangu ulipofiwa ni dalili ya imani kuzimika, kwani mtakatifu huyu anasema kwamba mtu huifikia njia akiwa gizani humohumo.

Nakuomba jambo moja: usilisome kwa macho tu. Lisome kwa sauti, ubeti mmoja kwa usiku mmoja, uurudie mpaka ukae kichwani. Sisi watu wa pwani tunalijua hili tangu utotoni, maana jirani zetu Waislamu huzijua kasida za Maulidi kwa kuzisikia kabla ya kuziona kwenye karatasi.

Kuhusu jumuiya, usilisome badala ya Injili ya siku. Lisome baada ya Injili na tafakari, kwa idhini ya mwenyekiti, kisha eleza kwa kifupi limekusaidia nini tangu ufiwe. Wanajumuiya wakiliona gumu, anza na tenzi za Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Dodoma aliyeitunga Injili na Zaburi kwa mizani ya Kiswahili, na umkaribishe katekista asome beti za kwanza.