Mkuu, usiimwage hiyo Gran Reserva ya 2001

Mkuu, nimesoma uzi wako pamoja na majibu yote, na naona wadau wengi wamekushauri uimwage au uipikie nyama. Tafadhali usifanye hivyo. Kwa wanaoingia sasa hivi: mtoa mada yuko Dar, shemeji yake kamletea kutoka Bilbao, Hispania, chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Rioja, Gran Reserva ya 2001, na chupa moja ya amontillado, mvinyo wa Jerez. Kafungua Rioja moja, kizibo kikakatikia shingoni, rangi akaikuta imegeuka ya matofali, chini kuna mashapo meusi, na harufu ya kwanza ilikuwa ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Anauliza kama imeharibika, na kama ile ya pili aitunze hadi harusi ya binti yake.

Mimi naishi Logroño, makao makuu ya La Rioja, jimbo la kaskazini mwa Hispania, na kazi yangu ni kuhudumia mezani kwenye mgahawa ambao wateja wengi hufuata mvinyo wa zamani. Chupa za namna hiyo zinapita mikononi mwangu mara kwa mara. Hayo yote uliyoyataja ndiyo ninayotarajia kuyaona kwenye Rioja ya umri huo. Ningepata wasiwasi kama ungeniambia bado ni nyekundu ya kukolea.

Wahispania wana utaratibu ambao sehemu nyingi hazina: anayebeba kazi ya kusubiri ni bodega, yaani mtengeneza mvinyo, si mnunuzi. Madaraja ya umri yanaenda hivi: Crianza nyekundu ya Rioja haitoki kabla ya kutimiza miaka 2, Reserva miaka 3, Gran Reserva miaka 5, na katika hiyo mitano angalau miwili iwe ndani ya pipa. Hicho ni kiwango cha chini. La Rioja Alta, bodega ya mji wa Haro, wanaiweka Gran Reserva yao iitwayo 904 kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani miaka 4, halafu bado inakaa kwenye chupa kabla ya kuingia sokoni. Geuza chupa yako uangalie lebo ndogo ya nyuma yenye muhuri wa baraza linalosimamia mvinyo wa Rioja. Ya Gran Reserva huwa ya buluu. Na mwaka wako si wa kubahatisha, kwani baraza hilo liliupa 2001 daraja la juu kabisa, sawa na 1964, 1982, 1994, 1995, 2004, 2005 na 2010. Shemeji yako anajua anachokifanya, mshukuru.

Mapipa hayo yana historia yake. Bodega za Marqués de Murrieta mwaka 1852 na Marqués de Riscal mwaka 1858 ndizo zilizotangulia kuleta Rioja mtindo wa Bordeaux, Ufaransa, wa kukomaza mvinyo kwenye pipa la lita 225. Baadaye mdudu anayeitwa filoksera akaangamiza mizabibu ya Ufaransa, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kutafuta mvinyo wa kujazia pengo. Reli ilikuwa imeshafika Haro tangu 1863. Ndiyo maana mpaka leo ukishuka treni pale unakutana na López de Heredia ya 1877, CVNE ya 1879 na La Rioja Alta ya 1890, zote zimeizunguka stesheni. Ni mtaa mdogo sana, unaumaliza kwa miguu asubuhi moja. Mbao zilikuja kwa meli kutoka Marekani, na mwaloni wa huko unaacha harufu ya vanila na nazi. Mtu aliyekulia pwani harufu hiyo ya nazi ataishika kabla ya mtaalamu yeyote wa Ulaya, kwa hiyo wala usijione mgeni kwenye jambo hili.

Ndani ya pipa hewa inapenya kwenye mbao kidogo kidogo, na ule ukakasi wa mvinyo mchanga, unaokausha fizi kama bibo, unalainika. Baadhi ya bodega za Haro mpaka leo wanahamisha mvinyo kutoka pipa hadi pipa kwa mkono, mshumaa ukiwaka pembeni ili mtu aone mashapo yanapoanza kutoka na afunge hapohapo. Kwenye chupa kazi inaendelea: rangi na ukakasi vinashikana, vinakuwa vizito, vinazama. Hayo mashapo meusi uliyoyaona ndiyo rangi yenyewe ya 2001. Hayana madhara, ila yana uchungu, hivyo yasiingie kwenye glasi.

Sasa tuje kwenye chupa ya pili. Isimamishe wima siku moja au mbili kabla ya kuifungua ili mashapo yatulie chini. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitolewa kwa vyumba vya Ulaya vya enzi hizo, haufai kwa sebule ya Dar mwezi wa pili. Iweke kwenye friji, kwa wima vilevile, kama saa mbili hivi. Unatafuta nyuzi 16 hadi 18. Ikipata joto zaidi utasikia pombe tupu.

Kizibo cha zamani kimelowa na kimechoka. Sisi tunatumia kifungulio cha vyuma viwili bapa, vinavyoteleza kati ya kizibo na kioo, unazungusha huku unavuta. Kama huna, tumia kizibuo cha kawaida, kizamishe chote, vuta bila haraka. Kikikatika, hakuna msiba, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni. Wakati wa kumimina washa tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, mimina kwa mkono mmoja usiotikisika, na ukiona uzi mweusi unakaribia shingoni simama hapo.

Kuna mdau kasema uimimine kwenye jagi saa tatu kabla. Hapo nampinga kabisa. Kwa Rioja changa sawa, kwa ya zaidi ya miaka 20 utakuwa umeipotezea harufu yake kabla hujaionja. Fungua, mimina kidogo kwenye glasi pana, na subiri nayo hapohapo mezani. Ile harufu ya stoo inaondoka yenyewe.

Majira ya baridi yaliyopita niliifungulia meza ya watu wanne Gran Reserva ya 1982. Kwenye glasi ilikuwa nyekundu hafifu katikati, na pembeni imeshaingia rangi ya chungwa. Harufu ya kwanza ilikuwa ya pango lenye unyevu, na kijana mmoja aliisogeza glasi kando akaagiza bia. Nilimwomba asiimwage. Baada ya kama nusu saa, nyama ikiwa imefika, ikaanza kutoa tumbaku na ngozi. Baadaye ganda la chungwa lililokaushwa, karafuu, uyoga. Mwisho kabisa, kwenye tone lililobaki, kulikuwa na tini kavu na ile nazi ya pipa, ingawa lilikuwa limekaa kwenye kioo miongo mingi. Yule kijana alimaliza glasi yake na ya jirani yake.

Kwa hiyo usitafute tunda bichi wala utamu, hivyo vimeshapita. Nusa kabla ya kunywa, bila kuzungusha glasi kwa nguvu. Chukua kidogo, kishike mdomoni, kigusishe fizi na kaakaa, kisha meza. Mara ya kwanza utaona mwepesi, karibu mwembamba. Subiri. Uchachu ndio unaoubeba mvinyo huu miaka yote hiyo, na Rioja nzuri ya zamani inabaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza, ikibadilika huku umekaa kimya. Mimi hapo ndipo ninapopima ubora, kuliko kwenye rangi au jina.

Mvinyo ulioharibika utaujua bila shaka. Harufu ya kadibodi iliyoloa isiyoondoka hata baada ya saa nzima ni ugonjwa wa kizibo. Siki kali, au harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ni hewa na bakteria. Ukiwa wa kahawia mtupu mpaka katikati na hauna harufu yoyote, huo umeshajifia. Maelezo yako hayafanani na hata kimoja kati ya hivyo. Ile uliyoifungua irudishie kizibo, iweke kwenye friji, imalize ndani ya siku mbili.

Chakula: huku wanakula mbavu ndogo za mwanakondoo zilizochomwa kwa matawi makavu ya mizabibu, chumvi tu. Mbuzi choma wa chumvi anakaa hapo barabara. Ila pilipili, ndimu na kachumbari viweke mbali usiku huo, maana mvinyo wa zamani ni mpole na hauwezi kushindana navyo.

Amontillado ni dunia nyingine, iko kusini kabisa, Andalusia. Huanza maisha chini ya utando wa hamira unaoelea juu ya mvinyo na kuukinga na hewa. Utando ukifa, hewa inaingia na mvinyo unageuka rangi ya kaharabu. Mapipa ya Jerez hayajazwi mpaka juu, na mvinyo mchanga huongezwa kwenye ule mkongwe kwa zamu, ndiyo maana kwa kawaida hutaona mwaka kwenye lebo. Ukiona VOS ni wastani wa miaka 20 au zaidi, VORS ni 30 au zaidi. Ni mkavu na mkali, kwa hiyo glasi ndogo inatosha, ukiwa umepoa kiasi. Utanusa lozi, karanga za kukaanga, mbao za kale. Weka sahani ya korosho za chumvi pembeni, utaniambia. Ukiufungua haukukimbizi, kwenye friji utakaa wiki kadhaa.

Kuhusu harusi ya binti, Rioja ya pili usiitunze. Mvinyo unataka giza na nyuzi 12 hadi 14 zisizopanda na kushuka, na kabati la Dar haliwezi kuupa hivyo, wala friji ya jikoni inayofunguliwa kila dakika. Inywe mwaka huu, na watu watatu au wanne wanaopenda kukaa mezani. Kwa ajili ya harusi mwombe shemeji anunue Gran Reserva ya 2010 sasa hivi, ailaze kwenye ghala lenye ubaridi kulekule Bilbao, na aje nayo yeye mwenyewe siku ikifika.