Ukigundua ulichoamini si kweli, unang'oa lipi?

Mkuu, umeuliza: mwenye akili timamu akigundua kitu alichoamini si kweli, afute hicho tu au abomoe nyumba nzima? Nijibu kwa yaliyonikuta Kibirizi, Kigoma, nilipokuwa nanunua dagaa.

Niliamini mawili. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao zinamezwa na mwanga. Na usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu. Basi nikalala mpaka saa tatu, mwaloni si hakuna kitu! Nafika, wenzangu wameshaanika.

Sasa, kusema tu "nafuta ile ya hakuna dagaa" hakusaidii. Yale mawili ukiyaacha yalivyo, yanaizaa tena palepale. Lazima moja liondoke ndipo upokee habari mpya, na mantiki peke yake haikwambii lipi. Hapo ndipo walipoingia Alchourrón wa Argentina, Gärdenfors wa Sweden na Makinson wa Australia kwa makala yao ya 1985; nadharia yao ya namna ya kubadili imani inaitwa AGM kwa herufi za majina yao. Alchourrón alikuwa mtu wa sheria, na swali hili linawahusu sana wanasheria: unafutaje amri ambayo vifungu vingine bado vinaizaa? Jibu lao: toa kidogo iwezekanavyo, anza na chenye mizizi mifupi. Mwezi niliuona kwa macho yangu, siuachi. Ya wavuvi niliiokota kijiweni. Sasa inasomeka "wengi hawaingii".

Ninapogombana nao ni kwenye kanuni ya kurejesha: ukitoa imani kisha ukairudisha, vyote vya mwanzo virudi. Niliambiwa shemeji kanunua mtumbwi wenye injini. Nikaja kujua mleta habari ni mzushi, nikafuta hata kwamba kanunua mtumbwi. Baadaye shemeji mwenyewe akasema, "Nimenunua mtumbwi." Kwa kanuni ile injini nayo inarudi, kwa sababu "kama ana mtumbwi, basi una injini" ilibaki imejificha kichwani muda wote. Mzushi anashinda kwa mlango wa nyuma! Ndiyo maana namfuata Sven Ove Hansson, mwanafalsafa wa Sweden: shika orodha ya imani za msingi tu, si kila kinachotokana nazo. Humo, maneno ya mzushi yakitoka yametoka na injini yake.

Na mtumbwi wenyewe, nilipouona, ulikuwa wa makasia.